Soko la Garsen na Hatima ya Mji wa Delta

Anayesafiri kutoka Malindi kwenda Lamu siku hizi hana haja ya kuingia Garsen. Akifika Minjila, kilomita chache kabla ya mji, basi linakata kulia, linavuka Mto Tana kwa daraja la Idsowe, kisha linashika lami kupitia Gamba na Witu hadi Mokowe. Zamani jambo hilo halikuwezekana. Gari lilipaswa kufika Garsen, abiria washuke, na kivuko kilichovutwa kwa kamba na mikono ya watu kiwafikishe ng'ambo. Kusubiri huko ndiko kulikouza chai, mahamri na ndizi, na maduka mengi ya mji yalisimama kwa ajili ya watu waliokuwa hawajafika wanakokwenda. Sasa hawasubiri tena, na watu wa Tana Delta wana haki ya kuuliza Garsen imebakiwa na nini. Hoja yangu ni kwamba kivuko kilikuwa nusu tu ya mji huu. Nusu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kukutana kwa mkulima na mfugaji mahali ambapo wote wawili wanahitaji maji na kila mmoja anahitaji mali ya mwenzake. Haja hiyo haijahama. Lakini kwa miaka 70 karibu kila mpango wa kuiendeleza nchi ya Tana umeipita kando, na hapo ndipo umaskini wa mji ulipoanzia.

Delta hii imezoea kuzika miji. Karibu na mahali mto unapoingia baharini, kwenye Ghuba la Ungwana, yako magofu ya Ungwana na Shaka, miji ya Waswahili ambayo mapokeo yanaihusisha na Fumo Liyongo. James Kirkman aliichimba Ungwana katika miaka ya 1950, na msikiti wake mkuu pamoja na vigae vya vyombo vya ng'ambo ni ushahidi wa biashara iliyonawiri. Baada ya miji hiyo likaja soko la Kau, kando ya Mto Ozi, ambako nafaka ya wakulima wa mtoni ilipakiwa vyomboni kupelekwa Lamu. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi iliyosheheni ifike Kau bila kuhangaika na mlango wa mto. Hakuna aliyetarajia kwamba mto wenyewe ungeufuata mfereji huo. Maji yalizidi kupita humo hadi Tana ikaiacha njia yake ya kale na kutokea Kipini. Kipini ikapata boma la wilaya wakati wa Waingereza, kisha makao ya serikali yakahamia juu mtoni, Hola, na Kipini ikarudi kuwa mji wa wavuvi. Kau leo ni kijiji kidogo. Miji hii iliishi zaidi kwa kupitisha mali kuliko kwa kuitengeneza, ndiyo maana njia ilipohama haikuwa na kitu cha kuishikilia.

Garsen ina kitu hicho, na si kigumu kukiona. Mpokomo hulima kwa mafuriko. Maji yakipanda hulowesha ukingo na kuacha tope jipya; yakishuka, hupandwa mahindi na mpunga, na juu kidogo husimama migomba na miembe. Huko chini, karibu na Ozi, kuna ustadi ambao haupatikani kila mahali: wakati wa bamvua, bahari inapojaa, maji matamu ya mto husukumwa nyuma na kuingia kwenye majaruba, na mkulima anayejua siku za mwezi humwagilia shamba bila pampu. Mfugaji, Mworma au Mwardei, huwa mbali na mto wakati wa mvua, ng'ombe wake wakila nyasi za bara. Kiangazi kikikaza hurudi deltani, na njia yake ya kufika majini ni malka, ujia unaopita katikati ya mashamba. Malka zikiwa wazi, wawili hawa wanakutana kwa amani, na wakikutana wanauziana. Mama wa Kiorma ameketi na maziwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi. Hatua chache kutoka kwake mama wa Kipokomo amepanga mafungu ya ndizi na maembe. Fedha ya maziwa hugeuka unga kabla ya adhuhuri. Upande wa mifugo, dalali anasimama kati ya mwenye fahali na mnunuzi aliyetoka Malindi au Mombasa, na Kiswahili ndicho lugha ya bei. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, aliyeishi na Waorma wa Galole tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake Making a Market cha mwaka 1992 jinsi wafugaji hao walivyozidi kutegemea biashara: waliuza ng'ombe, wakanunua chakula na nguo, na baadhi wakatulia karibu na maduka na shule. Anayedhani mfugaji wa Tana ni mtu wa nyikani asiyetaka soko hajayasoma maisha yake.

Sasa tazama fedha za maendeleo zilikokwenda. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa umwagiliaji wa Hola kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau. Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo pale, na hilo ndilo ambalo dunia inalikumbuka kuhusu Hola. Mradi uliendelea baada ya uhuru hadi mto ulipobadili njia mwaka 1989 na kuziacha pampu bila maji. Mradi wa Bura, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, ulileta walowezi kutoka sehemu nyingine za Kenya kulima pamba, ukatumia fedha nyingi kuliko zilizokadiriwa, nao ukazorota kabla ya miaka 15 kutimia. Karibu zaidi na Garsen, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, ilijenga kwa msaada wa Japani mashamba ya mpunga yenye matuta na mifereji. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakayabomoa. Mwaka 2008 ukaidhinishwa mpango wa TARDA na kampuni ya Mumias wa kupanda miwa kwenye hekta zipatazo 20,000, ukaishia mahakamani na haukutekelezwa. Wakati huohuo mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalipunguza mafuriko ya kawaida ambayo mkulima na nyasi za mfugaji viliyategemea. Umeme ukaenda Nairobi na Mombasa. Miradi hii ilitofautiana kwa zao na kwa mfadhili, lakini yote iliitazama delta kama ardhi tupu inayosubiri mwenye mtaji. Hakuna hata mmoja uliomchukulia mfugaji kama mshirika au soko la Garsen kama mtambo wa uchumi unaostahili kuongezewa nguvu. Malka zikazibwa na mifereji, nyasi za kiangazi zikawa mashamba ya serikali.

Atakayenipinga ataanza na damu, na ana haki. Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu wasiopungua 52 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji yakafuata Chamwanamuma, Kilelengwani na, mwezi Desemba, Kipao. Jumla ilizidi watu 100. Utambulisho gani wa pamoja, ataniuliza, unaweza kujengwa kati ya Mpokomo na Mworma baada ya hayo? Tofauti zao ni za kweli: lugha mbili, na kwa Wapokomo wa chini, waliopokea Ukristo tangu enzi za misheni za Golbanti na Ngao katika miaka ya 1880, dini mbili pia. Sitaki kuyapamba mambo ya kale. Mikuki ilitumika kabla ya bunduki, na wazee wa Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma walikuwa na kazi kwa sababu ugomvi ulikuwapo. Hata hivyo, wakati wa ugomvi unatuambia jambo. Mapigano ya mwaka 2001 yalikuja baada ya serikali kuanza kupima ardhi ya ukingoni na kuandaa hati za kibinafsi, hatua ambayo wafugaji waliiona kama kufungiwa mto. Ya 2012 yalikuja baada ya miaka kadhaa ya wawekezaji kuigawana delta kwenye ramani, silaha zikiwa zimezagaa na uchaguzi wa kwanza wa magavana ukikaribia. Ugomvi uliwaka zaidi pale nafasi ya kukutana ilipobanwa. Wanaosema watu hawa watenganishwe, kila mmoja abaki upande wake, wanapendekeza kuirefusha sababu ya vita.

Utambulisho wa mahali hauwataki watu waache ukabila wao, unawataka wawe na jambo wanalolimiliki pamoja. Tana inayo mambo hayo, ila Kenya imekuwa ikiyachukua bila kulipa. Wimbo wa Taifa, uliotungwa mwaka 1963, unafuata sauti ya wimbo wa kina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, iliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Kila mtoto wa shule nchini anaiimba. Kadhalika embe la Tana linaliwa Mombasa na ng'ombe wa Tana anachinjwa huko, wakati mwenye mti na mwenye zizi wanarudi nyumbani na bei ya mali ghafi. Sifa ya mahali isipokuwa na mlango wa kuingizia fedha mjini, inabaki sifa tu.

Kuna pingamizi la pili, la watu makini zaidi: miji hufuata barabara, kwa hiyo iache Garsen ipungue na Minjila ikue. Nakubali kwamba hakuna sheria inayodai soko libaki pale lilipo, na Minjila iko karibu kiasi kwamba miji hii miwili inaweza kupangwa kama mji mmoja. Ninalolikataa ni kuamini kwamba barabara yenyewe ni uchumi. Barabara ya Garsen hadi Lamu, kilomita zipatazo 135, iliwekwa lami kwa sababu ya bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Lori linalotoka bandarini litanunua mafuta na soda. Haliachi bei ya ng'ombe, halikoboi mpunga wa mtu. Mji unaoishi kwa kusimamisha magari unarudia historia ya Kau, na safari hii kinachoweza kuhama ni ratiba ya basi. Pia barabara hiyo haina uhakika wa mwaka mzima: katika mvua za mwishoni mwa 2023 maji yaliifunika sehemu ya Gamba, Lamu ikakatika na bara.

Hapo linaingia swali la mafuriko, ambalo wengine hulitumia kusema kwamba hakuna haja ya kujenga chochote Garsen. Mafuriko ya 1961, ya El Niño na ya 2023 hadi 2024 yaliwahamisha maelfu ya watu mtoni, na kudharau mateso hayo ni ukatili. Lakini bila mafuriko hakuna mpunga, hakuna nyasi, hakuna samaki, na kwa hiyo hakuna soko la kujengea mji. Wazee wa mtoni wanajua ni matuta gani hubaki makavu na ni mabonde gani mto hudai tena. Kosa limekuwa kujenga bila kuwauliza. Soko la mifugo linahitaji eneo la juu, maji, mizani na ua imara. Vitu hivyo havigharimu hata sehemu ndogo ya kilichozama Bura.

Katiba ya 2010 iliondoa kisingizio cha kwamba Nairobi ndiyo inayoamua kila kitu. Kaunti ya Tana River, yenye watu 315,943 kwa sensa ya 2019, ina bajeti na bunge lake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi, na mpango ukaandikwa, wakulima na wafugaji wakiketi meza moja. Karatasi hiyo ipewe nguvu ya kisheria: malka zipimwe, ziwekewe alama na zilindwe kama barabara zinavyolindwa. Kisha fedha ziende kwenye soko la mifugo la Garsen, kwenye kinu cha kukoboa mpunga na kiwanda cha maembe ambavyo mkulima wa Ngao na wa Ozi wataweza kuvifikia, na kwenye chombo cha kupoza maziwa ya akina mama wa Kiorma kabla hayajaharibika kwa jua. Wawakilishi wa wadi wa pande zote mbili wanaopita mbele ya wapiga kura waulizwe jambo moja kila bajeti inaposomwa: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya soko la Garsen, na ni malka ngapi zimefunguliwa mwaka huu.