Minaki na Kibaha: Serikali Ilipozipokea Shule, Fedha Zilikaa Wapi?

Kati ya mwishoni mwa mwaka 1969 na mwanzoni mwa mwaka 1970, shule mbili za sekondari zilizo jirani, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Pwani, ziliingia mikononi mwa Serikali kwa njia mbili tofauti. Minaki, iliyoko Kisarawe, ilichukuliwa kwa sheria. Kibaha, iliyoko kando ya barabara ya Morogoro, ilikabidhiwa na wafadhili walioijenga. Katika semina zangu nimezoea kuziweka shule hizi pamoja, kwa sababu anayetaka kuelewa kwa nini ruzuku ya shule zetu imekuwa jinsi ilivyo atajifunza mengi zaidi kwa kuzilinganisha kuliko kwa kusoma hotuba za bajeti.

Tuanze na Minaki, iliyo kongwe. Asili yake ni Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kisha kikahamishiwa bara, katika vilima vya Kisarawe, miaka ya 1920. Wakati huo Waingereza walikuwa wakitafuta namna ya kusomesha Waafrika kwa gharama ndogo. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927, viliweka utaratibu wa ruzuku: misheni iendeshe shule, Serikali ikague, na shule iliyotimiza masharti ipewe fedha. Ukitazama kwa haraka, utaratibu huo unaonekana wa haki. Lakini masharti yalihitaji walimu wenye vyeti, majengo na mtaala uliokubaliwa, na vitu hivyo alikuwa navyo yule tu aliyekwisha kuwa navyo. Shule za vijijini za misheni, ambako katekista mmoja alifundisha kusoma chini ya mwembe, hazikuambulia chochote. Shule za Kurani za Uzaramo hazikufikiriwa hata kidogo, na katika wilaya yenye Waislamu wengi kama Kisarawe jambo hilo lilikuwa na matokeo ya muda mrefu.

Ndiyo maana Uhuru ulipokuja, suala la nani anamiliki shule lilikuwa zito kuliko tunavyolikumbuka leo. Sheria ya elimu ya mwaka 1961 ilifuta mfumo wa shule za kibaguzi za Wazungu, Wahindi na Waafrika kuanzia Januari 1962. Ada za sekondari zikafutwa miaka miwili baadaye. Hata hivyo shule nyingi za sekondari zilibaki chini ya makanisa huku mishahara ikilipwa na hazina ya umma, na mtoto asiye wa dhehebu husika aliingia kwa hisani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikata mzizi wa tatizo hilo kwa kuziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya uendeshaji wa Serikali. Naiona sheria hiyo kuwa miongoni mwa hatua za haki zaidi zilizowahi kuchukuliwa na dola yetu, na nasema hivyo nikijua kuwa wapo wasomaji wangu wasiokubaliana nami.

Kibaha haina historia ya namna hiyo. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ilikubaliana na Uswidi, Norwei, Denmaki na Ufini kujenga kituo cha kupambana na wale maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kikajengwa kituo chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, vyote mahali pamoja. Miongoni mwa wanafunzi wake wa awali alikuwa Jakaya Kikwete, aliyesoma hapo kuanzia mwaka 1966. Januari 1970 nchi hizo zilikikabidhi kituo kwa Tanzania, nacho kikawa shirika la umma, Shirika la Elimu Kibaha, lenye bodi, ardhi na miradi yake.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Kibaha ilipokelewa pamoja na chombo cha kuilinda: bodi inayoweza kubisha hodi wizarani, na fungu linalojulikana kwa jina. Minaki ilipokelewa ikaingia kwenye foleni pamoja na shule nyingine zote. Sheria ya 1969 ilieleza vizuri nani ataendesha shule. Kiasi ambacho shule ingepata kila mwaka kiliachwa kiamuliwe na bajeti. Uchumi ulipoyumba, ada zilirudishwa katikati ya miaka ya 1980, na anayekumbuka shule za bweni zilizofunga kabla ya muhula kwisha kwa sababu mzabuni wa chakula hajalipwa anajua maana ya kukaa kwenye foleni hiyo.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo tunayoitumia hadi leo, iliendeleza tabia ileile. Ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyefikisha miaka saba na kuhakikisha anahudhuria. Mzazi asipotimiza, yupo wa kumshitaki. Serikali isipotimiza, hakuna kifungu kinachomwambia mwalimu mkuu aende kwa nani. (Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa wataniambia kuwa wao ndio huendewa. Naam, na mikono mitupu.)

Angalieni ruzuku ya uendeshaji. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, kiwango kilichokubaliwa kilikuwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kwa msingi wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,000. Kwa maneno mengine, ruzuku ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu bila Bunge kupiga kura wala mtu yeyote kutia saini.

Na hizo 10,000 hazikufika zote. Shilingi 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, shule ikapelekewa 6,000. Shule ya msingi yenye wanafunzi 600 ilipata basi shilingi 300,000 kwa mwezi, za chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Michango ya lazima, iliyokuwa ikiziba pengo hilo, ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku.

Pengo hujazwa na kitu, lakini. Kisarawe lilijazwa na kampeni ya Tokomeza Zero, aliyoianzisha Jokate Mwegelo alipokuwa Mkuu wa Wilaya, iliyokusanya michango ya kampuni na watu binafsi ili kuinua ufaulu na kujenga sekondari ya wasichana. Shule ilijengwa na inaitwa kwa jina lake. Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Wasichana waliokuwa wakitembea mwendo mrefu wamepata bweni. Ninachojiuliza ni kuhusu wilaya ambayo mkuu wake si maarufu, hajui kampuni za simu, na hana wa kumpigia. Mtoto wa huko analindwa na sheria ileile ya mwaka 1978, na ruzuku yake inatoka kwenye waraka uleule.