Mwanga Kidoleni: Oksimita Ilivyozaliwa

Kwa miaka mingi, mtaalamu wa dawa za usingizi aliyetaka kujua kama mgonjwa wake mezani bado ana oksijeni ya kutosha hakuwa na njia ila kumtazama midomo na kucha. Zikianza kugeuka samawati, hali ni mbaya. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani, Julius Comroe na Stella Botelho, walionyesha kuwa jicho halitoshi kwa kazi hiyo: wengi wa waliopewa jukumu la kuangalia hawakuwa na uhakika hadi oksijeni ya damu iliposhuka kufikia asilimia 80 hivi, ilhali mtu mzima mwenye afya huwa na 95 au zaidi. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, badiliko hilo ni gumu zaidi kuliona.

Mjerumani Karl Matthes alikuwa ameshajaribu, katika miaka ya 1930, kupitisha mwanga wa rangi mbili sikioni na kuupima unapotokea upande wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Glenn Millikan wa Marekani akatengeneza kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya marubani. Wazo lilikuwa sahihi, kwani damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa na isiyo nayo ni nyekundu iliyokoza. Tatizo ni kwamba ngozi, nyama na damu ya vena navyo humeza mwanga, tena kwa kila mtu kiasi tofauti. Kifaa kilitaka kurekebishwa upya kwa kila sikio, na wodini hakuna muda huo.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Takuo Aoyagi, mhandisi wa umeme aliyezaliwa mkoa wa Niigata, Japani, mwaka 1936. Alipokuwa katika kampuni ya Nihon Kohden mwanzoni mwa miaka ya 1970, wala hakuwa akitafuta oksijeni. Alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo: rangi maalumu hudungwa mshipani, kisha mwanga unaopita sikioni huonyesha rangi hiyo inavyopungua. Lakini mapigo ya moyo yalimchafulia mchoro, ukajaa mawimbi. Akaongeza mwanga wa pili ili wimbi la mmoja lifute la mwingine. Mbinu ikakubali, hadi oksijeni ya damu ilipobadilika. Hapo mawimbi yakarudi.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia Aoyagi. Kama mawimbi hurudi kila oksijeni inapobadilika, basi yamebeba habari za oksijeni. Na kinachodunda ni damu ya ateri, inayojaa na kupungua kwa kila pigo la moyo. Ngozi, nyama na kucha hazidundi. Ukisoma kinachobadilika na kuacha kilichotulia, huna haja tena ya kurekebisha kifaa kwa kila mgonjwa. Kero aliyohangaika kuiondoa ndiyo ikawa kipimo chenyewe.

Kihisio cha oksimita kinachobanwa kidoleni leo hufanya kazi hiyo hiyo. Upande mmoja zimo taa mbili ndogo za LED, moja nyekundu na moja ya infraredi isiyoonekana kwa macho, zinazowaka kwa zamu mamia ya mara kwa sekunde. Upande wa pili kuna fotodayodi, kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme kidogo. Himoglobini iliyobeba oksijeni huachia mwanga mwekundu upite na kumeza zaidi infraredi; isiyo na oksijeni hufanya kinyume chake. Kompyuta ndogo hulinganisha mawimbi ya mianga hiyo miwili, hutafuta uwiano wake kwenye jedwali lililowekwa kiwandani, kisha hutoa asilimia.

Nihon Kohden iliomba hataza ya mbinu ya Aoyagi Machi 1974, na kampuni ya Minolta ikaleta ombi lake mwezi uliofuata. Kifaa cha kwanza cha sikioni kilitoka 1975 lakini hakikushika soko, na Aoyagi akahamishiwa kazi nyingine kwa miaka kadhaa. Waliokisambaza duniani ni kampuni za Marekani, hasa Nellcor ya California, iliyotoa mashine yake mwaka 1983.

Tanzania ina nafasi yake katika historia hii. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2007 na 2008, Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji minane iliyoteuliwa, pamoja na London, Toronto na Manila. Kipengele kimoja cha orodha hiyo kinataka oksimita iwe imebanwa kwa mgonjwa na iwe inafanya kazi. Katika hospitali nane za miji hiyo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Turudi kwenye lile jedwali, maana ndilo linalotuhusu zaidi. Hupatikana kwa kuwapumulisha watu wazima wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu na kulinganisha usomaji na damu yao. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2013 iliridhika na watu wawili wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya washiriki. Desemba 2020, mtafiti Michael Sjoding na wenzake walichapisha matokeo ya kutisha: kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionyesha 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na 3.6 tu kwa Wazungu. Rasimu mpya ya Marekani ya Januari 2025 inapendekeza washiriki 150 au zaidi, wa rangi zote za ngozi.

Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikigombania kifaa chake kwa sababu ya korona.

Ukimpima mgonjwa nyumbani, futa kwanza rangi ya kucha, na epuka kidole chenye hina nyeusi. Anayehema kwa shida apelekwe hospitali hata kama kifaa kinasoma 95. Na wanaotununulia oksimita, wizarani na hospitalini, wamuulize mtengenezaji kabla ya kulipa: imejaribiwa kwa watu weusi wangapi?