Bomba Linapofyonza

Ndugu msikilizaji wa Mwakitolyo, mwaka 2004 ilianza kazi ya kuleta maji ya Ziwa Viktoria hadi Kahama na Shinyanga. Maji ya namna hiyo husukumwa, na msukumo ndio mlinzi wake. Ukianguka ghafula, bomba huanza kufyonza kilicho nje.

Mwaka 1933 mjini Chicago, Marekani, maji ya vyooni yaliingia katika maji ya kunywa ya hoteli mbili, kwa kuvuja na kwa kufyonzwa. Watu 98 walikufa kwa kuhara damu. Tena hoteli za matajiri!

Basi wewe mchimbaji, je, mpira wa bomba lako umezama katika dimbwi la kuoshea dhahabu, lenye zebaki? Uninginize juu ya maji hayo, kabla pampu haijasimama.