Walichotoka Nacho: Niger na Hoja ya Mapinduzi Mema

Wanaotetea haki ya jeshi kumwondoa kiongozi aliyechaguliwa na wananchi wana mfano mmoja mzuri kuliko yote, nao uko Niger. Nauchagua kwa sababu hiyo, ili hoja yao ipimwe pale ilipo na nguvu.

Mwaka 2009 Rais Mamadou Tandja alikuwa anamalizia muhula wake wa pili na wa mwisho. Akataka miaka mitatu zaidi. Mahakama ya Katiba ilipomwambia kwamba kura ya maoni aliyokuwa akiiandaa inakiuka katiba, alilivunja Bunge mwezi Mei. Iliposhikilia msimamo wake, akaivunja nayo mwezi Juni. Kura ikapigwa Agosti, wapinzani wakaisusia, na serikali ikatangaza ushindi wa zaidi ya asilimia 92. Tarehe 22 Desemba muda aliopewa na wapiga kura uliisha, yeye akabaki Ikulu. Tarehe 18 Februari 2010 wanajeshi walivamia Ikulu mchana, Baraza la Mawaziri likiwa kikaoni, wakamkamata. Maelfu ya watu walijitokeza Niamey kuwashangilia. Kiongozi wao, Salou Djibo, alitimiza ahadi: uchaguzi ulifanyika mwaka uliofuata, yeye hakugombea, na tarehe 7 Aprili 2011 Mahamadou Issoufou akaapishwa kuwa rais.

Mwanasheria Ozan Varol anashikilia kwamba yapo mapinduzi ya kidemokrasia: humng'oa mtawala wa kimabavu huku umma ukimpinga, kisha huacha madaraka kwa uchaguzi huru baada ya muda mfupi. Kwa vipimo hivyo Niger ya 2010 inafaulu. Nami nakubali bila kusita kwamba Tandja wa Februari ile hakuwa tena rais halali. Lakini vipimo hivi vinatazama wanajeshi walivyotoka madarakani, havitazami walichotoka nacho.

Walitoka na msamaha. Kifungu cha 185 cha katiba mpya, iliyoandikwa chini ya usimamizi wao, kiliwasamehe waliofanya mapinduzi ya Februari. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katiba ya 1999, katika kifungu cha 141, ilikuwa imewasamehe waliompindua Mahamane Ousmane mwaka 1996 pamoja na waliompindua Ibrahim Baré Maïnassara Aprili 1999. Baré aliuawa kwa risasi na askari wa kikosi cha kumlinda, katika uwanja wa ndege wa Niamey. Katiba iliyofungia mauaji hayo nje ya mahakama ndiyo iliyomwingiza Tandja madarakani, na Tandja mwenyewe, kanali mstaafu, alikuwa ameshiriki mapinduzi ya 1974.

Kuna jambo lingine linalosahaulika katika sifa za Djibo. Kama nia ilikuwa kurejesha katiba iliyovunjwa, katiba hiyo ilikuwapo, na uamuzi wa Mahakama ulikuwapo. Uamuzi huo uliwapa wanajeshi sababu ya kuingia, ila walipokwisha kuingia haukuwaongoza. Nchi ilitafutiwa katiba nyingine, chini ya usimamizi wa watu ambao ile iliyovunjwa ingepaswa kuwahukumu.

Tarehe 26 Julai 2023 Jenerali Abdourahamane Tchiani, mkuu wa walinzi wa rais, alimweka kizuizini Rais Mohamed Bazoum. Safari hii hakukuwa na muhula uliorefushwa wala mahakama iliyovunjwa. Sababu alizotoa ni usalama kuzorota na utawala mbovu, yaani maoni ya jenerali. Watu walishangilia tena mitaani. Machi 2025 aliapishwa kwa kipindi cha miaka mitano, vyama vya siasa vikavunjwa. Sidai kwamba kifungu cha 185 peke yake kilimleta Tchiani. Mali na Burkina Faso zilikwisha kumtangulia, na vita vya Saheli vilimpa kisingizio. Nadai kwamba hakuna ofisa wa jeshi hilo aliyewahi kuona mapinduzi yaliyofanikiwa yakiishia kizimbani.

Nitaulizwa: basi nani angemtoa Tandja? Jeshi linaweza kukataa kutii bila kutawala. Aprili 2012, Bingu wa Mutharika alipofariki na baadhi ya mawaziri wa Malawi wakajaribu kumzuia Makamu wa Rais Joyce Banda kumrithi, mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, aliweka askari kumlinda Banda hadi alipoapishwa. Hakuunda baraza la kijeshi, hakusimamisha katiba. Kweli, rais wa Malawi alikuwa amekufa, ilhali wa Niger alikuwa hai na hataki kutoka, na ugumu wa Niger ni mkubwa zaidi. Hata hivyo, baada ya 22 Desemba 2009 makamanda wa Niger wangeweza kutangaza kwamba hawapokei amri za mtu ambaye muda wake umekwisha, na kuwalinda majaji warudi kwenye viti vyao.

Na ofisa atakayeona hana njia ila kuingia Ikulu, ajibu mashtaka baadaye, mbele ya mahakama ambayo hakuiteua. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa 2007 unaruhusu hilo katika kifungu cha 25. Serikali za kiraia zinazoingia baada ya mapinduzi zinapaswa kukataa kurithi katiba yenye msamaha ulioandikwa wakati waliosamehewa wangali wanatawala.