Amekesha na daftari, mbona kwenye mtihani hakumbuki?

Swali hili wazazi wa Murungu na vijiji vya jirani hutuuliza sana. Mtoto alisoma mpaka taa ya sola ikazima, asubuhi akakuta karatasi ya maswali na kichwa kitupu. Wengine huhitimisha kwamba hana akili. Tusifike huko haraka.

Saikolojia ni elimu ya akili na tabia: mtu anavyohisi, anavyofikiri, anavyojifunza na anavyosahau. Walimu huisoma vyuoni, na hapa kwetu kuna Chuo cha Ualimu Kasulu. Leo tuchukue sehemu moja tu, kumbukumbu.

Kumbukumbu ina hatua tatu: kupokea jambo, kulihifadhi na kulitoa linapohitajika. Wanafunzi wengi hufanyia mazoezi ile ya kwanza. Wanasoma, wanarudia kusoma, wanapiga mistari. Mtihani unapima ya tatu.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imempotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Somo lenye maana hukaa zaidi, ila mwendo ni uleule: tunasahau sana mwanzoni. Kwa hiyo somo la leo lirudiwe kesho, kisha baada ya siku chache, kisha wiki ijayo.

Lirudiwe vipi? Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi. Kundi moja lilisoma vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na walioandika asilimia 61. Hapo ndipo mtoto anapodanganyika: akifunga daftari usiku anajiona ameiva.

Kwetu kuna la ziada. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wengi hukariri sentensi wasizozielewa, na hizo hazina tofauti kubwa na silabi za Ebbinghaus. Hapa mzazi ambaye hakufika sekondari ana kazi, tena si ndogo. Mnapochambua maharage, mwambie akueleze kwa Kiha au Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Huhitaji kujua jibu. Akikwama utamsikia, naye atajua sehemu ya kurudia. Baadaye aandike maelezo yale kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa.

Na alale. Usingizini ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana, hivyo kukesha ni kuvuna shamba ambalo halijakomaa. Kwa anayerudi jioni kutoka shambani, nusu saa kila siku kuanzia Agosti itamfaa kuliko wiki nzima ya kukesha Novemba, mitihani ikiwa imeshafika mlangoni.