Chelvanayakam, wakili aliyetaka Kitamil kiingie ofisini

S. J. V. Chelvanayakam hakuwa na mambo ambayo umati hupenda kwa kiongozi. Alizaliwa Ipoh, Malaya, mwaka 1898, akakulia Jaffna, kaskazini mwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Alikuwa Mkristo kati ya Watamil ambao wengi wao ni Wahindu. Alikuwa mwembamba, mpole, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya wakili wa kesi za madai. Hata hivyo, kwa karibu miaka 30 dai la wasema Kitamil kisiwani lilikuwa mabegani mwake, na wafuasi wake wakamwita Thanthai Chelva, yaani Baba Chelva.

Ugomvi wake wa kwanza haukuwahusu hata wapiga kura wake. Mwaka 1948, miezi michache baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha bila nchi Watamil wapatao laki saba wa mashamba ya chai, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India. Watamil wa Jaffna, wenye karne nyingi kisiwani, wangeweza kujisemea kwamba hayo si yao. Kiongozi wa chama chake, G. G. Ponnambalam, aliingia serikalini. Chelvanayakam alikataa, akaonya kwamba leo ni zamu ya wale na kesho ni yetu, na Desemba 1949 akaanzisha chama kilichodai serikali ya shirikisho. Chama hicho kilisimama kwa jina la watu wote wanaosema Kitamil, wakiwamo Waislamu wa mashariki na wachuma chai wa milimani. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ukubwa wake. Malipo yake yalikuwa kushindwa uchaguzi wa 1952.

Alirudi Bungeni 1956, mwaka ambao S. W. R. D. Bandaranaike alishinda uchaguzi na kuwa waziri mkuu kwa ahadi ya kukifanya Kisinhala, lugha ya walio wengi, kuwa lugha rasmi pekee. Juni 5, muswada ulipokuwa unaletwa, Chelvanayakam na wenzake walikaa chini kwenye uwanja wa Galle Face, mbele ya Bunge jijini Colombo, kwa njia ya Gandhi, bila silaha. Makundi ya watu yaliwavamia na kuwapiga. Mbunge wao kijana, A. Amirthalingam, aliingia Bungeni na jeraha kichwani. Muswada ukapita.

Kwa mtumishi wa serikali sheria hiyo ilifika hadi kwenye mshahara. Karani Mtamil aliyeingia kazini kwa Kiingereza sasa alitakiwa afanye mtihani wa Kisinhala. Asipoufanya, nyongeza yake ya mshahara ilizuiwa. Karani mmoja, Kodeeswaran, alikwenda mahakamani kudai nyongeza yake. Kesi ilipanda hadi Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, nalo likairudisha Ceylon mwaka 1969 bila kuamua kama sheria ya lugha ilikuwa halali.

Julai 1957 Bandaranaike na Chelvanayakam walitia saini mapatano. Kisinhala kingebaki lugha rasmi, Kitamil kingetambuliwa kuwa lugha ya wachache, na kazi za serikali kaskazini na mashariki zingefanywa kwa Kitamil chini ya mabaraza ya mikoa. Chelvanayakam aliweka kando dai la shirikisho ili apate hayo. Yalikuwa madai ya kiasi, na bado hayakutekelezwa. Mwaka uliofuata mabasi yalipelekwa kaskazini yakiwa na herufi ya Kisinhala kwenye vibao vya namba. Watamil wakaipaka lami, na kusini watu wakapaka lami maandishi ya Kitamil kwenye vibao vya barabarani na madukani. Aprili 1958 watawa wa Kibuddha walikusanyika nyumbani kwa Bandaranaike, naye akayavunja mapatano. Mwezi uliofuata ghasia zililipuka na Watamil wengi wakauawa.

Mwaka 1961 wafuasi wa Chelvanayakam walikaa kwenye malango ya ofisi za serikali huko Jaffna, wakafungua hata posta yao yenye stempu zao. Jeshi liliingia, naye akawekwa kizuizini. Mapatano mengine, ya mwaka 1965 na waziri mkuu mpya Dudley Senanayake, nayo yaliachwa.

Katiba ya 1972 ilipokiweka Kisinhala peke yake kuwa lugha rasmi, Chelvanayakam, mgonjwa na asiyesikia vizuri, alijiuzulu kiti chake cha Kankesanthurai na kuitaka serikali ikigombee. Uchaguzi mdogo ulicheleweshwa hadi Februari 1975. Akashinda kwa kura nyingi. Mei 1976, huko Vaddukoddai, muungano wa vyama aliouongoza ulidai nchi huru ya Watamil. Aliyeomba vibao na fomu sasa alikuwa anaomba mpaka, na vijana waliomsikiliza walikuwa wameshachoka na kukaa chini.

Alifariki Aprili 1977. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1983. Mwaka 1987 Katiba ilirekebishwa, Kitamil kikawa lugha rasmi pia, hatua kubwa kuliko ile aliyokuwa tayari kuipokea miaka 30 kabla.