Sotoka Ilipoondoka, Nyumbu Wakarudi

Nyumbu wa Serengeti unaowaona leo nusura wasiwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe, iliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kutanda Umasaini. Ng'ombe walikufa kwa makundi. Nyati, pofu na nyumbu wakafuata. Wamasai huiita miaka ile Emutai, yaani maangamizi.

Dawa yake haikuanzia porini. Katika maabara ya Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo madhubuti ya ng'ombe takribani mwaka 1960. Nyumbu hawakudungwa sindano, wala haikuhitajika: ng'ombe ndio waliokuwa wakivipeleka virusi porini, na walipokingwa, virusi vikakosa pa kujificha. Nyumbu wa Serengeti, waliokadiriwa kuwa kama 250,000 mwaka 1961, walipita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Hata hivyo, ujirani wa ng'ombe na nyumbu haujawa mwepesi. Nyumbu wanapozaa, mfugaji wa Kimasai huhamisha ng'ombe wake, kwa kuwa ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa mwingine unaoua ng'ombe bila kumdhuru ndama mwenyewe.

Na chanjo haiwafungulii nyumbu njia iliyozibwa. Upande wa Kenya, sehemu kubwa ya tambarare za Loita walikozalia nyumbu imelimwa ngano, kisha zikaja nyua. Kundi la huko limepungua mno, na safari hii hakuna kirusi cha kusingiziwa.